Baiskeli iliyotundikwa ukutani

(Haya ni mazungumzo niliyofanya hapa Tanga mjini na vijana wanaojifunza kuandika. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, nimetoa tu sehemu nilizojirudia sana, na maswali mawili ya mwisho nimeyabakiza kwa sababu yalikuwa mazuri.)

Paukwa!

Ahsanteni. Mmeitikia wote, hata wale wa nyuma waliokuwa wameinamia simu, na naomba mkikumbuke hicho kilichotokea sasa hivi maana nitakirudia. Nimesema neno moja tu na ukumbi mzima umejibu bila kuambiwa jibu ni nini. Hayo ni makubaliano ya zamani kati ya anayesimulia na anayesikiliza, bibi zetu wametuachia, na mwandishi yeyote anapokaa mezani peke yake na daftari lake anayatafuta hayohayo, yaani anatafuta watu wa kumwitikia pakawa ambao hawaoni.

Sasa wadogo zangu, tulivyosoma sisi, na nadhani na nyie ni hivyohivyo, shuleni tulifundishwa zaidi kuhakiki. Unapewa riwaya ya mtu unatafuta dhamira, wahusika, mandhari, tamathali za semi, unajaza kwenye mtihani, umefaulu. Mtu anamaliza kidato cha nne anajua kukueleza takriri na tashihisi bila kusita lakini hajawahi kuambiwa chukua kisa cha jirani yako kiandike mpaka mimi nisiyemjua huyo jirani nikose usingizi. Walimu siwalaumu, mtu ana darasa la wanafunzi mia moja atasahihisha hadithi mia moja saa ngapi? Lakini kuonja pilau na kupika pilau ni kazi mbili, na leo nataka tuingie jikoni.

Nimekuja na kisa kimoja tu. Ni cha mtaani kwetu Ngamiani, nilikuwa mtoto.

Palikuwa na fundi baiskeli, sisi tulimwita Babu Fundi. Kibanda chake kilikuwa cha mabati, mbele kuna karai la maji la kutafutia tundu kwenye tyubu, na harufu ya solusheni mpaka barabarani. Mwaka 1984 akaja kijana mmoja aliyekuwa anafanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, kaleta baiskeli yake Phoenix, rimu ya nyuma imepinda na spoku kadhaa zimekatika. Wakakubaliana bei, shilingi 35. Kijana akasema nitapitia kesho kutwa. Hakupitia. Tukasikia kaenda Dar kutafuta maisha maana mkonge ulikuwa umeshaanza kulegea. Fundi akainyoosha rimu, akabadilisha spoku, akaitundika baiskeli ukutani kwenye misumari miwili. Kila Idi anaishusha, anaipaka mafuta mnyororo, anaijaza upepo, anairudisha. Watu wakamwambia babu uza hiyo, mwenyewe kashasahau. Anajibu ya mwenyewe hiyo. Ikapita miaka kumi na moja. Siku moja akaja mama mmoja na mtoto wa kike, mama akasema mume wangu amefariki Dar, kabla hajafa aliniambia kuna baiskeli yake Tanga kwa fundi fulani, nimekuja kuulizia. Fundi akaishusha. Yule mama akauliza, deni lake shilingi ngapi? Fundi akasema, 35. Mwaka 1995 hiyo, shilingi 35 hata soda hununui. Mama akahesabu 35, fundi akapokea, akamkabidhi.

Kisa chote hicho, dakika mbili kukisimulia. Mimi nimekaa nacho zaidi ya miaka ishirini, nimekiandika kama hadithi fupi, kama mchezo wa redio, kama utenzi, nimekaa na mchoraji tukakifanya katuni, na mwaka fulani vijana fulani wenye kamera wakakifanya filamu fupi. Kila nilipohamia chombo kingine nilijikuta sijui kuandika, naanza upya kama mtoto. Na hicho ndicho nilichokuja kuwaambia leo, kwamba mwandishi anayejifunza asichague mapema kwamba mimi ni mtu wa riwaya au mimi ni mtu wa skripti. Achukue kisa kimoja kidogo akipitishe kwenye vyombo vingi, kwa sababu kila chombo kitamkatalia kitu fulani, na akishakataliwa mara nne mara tano ataanza kuona kisa chake kilikuwa kinahusu nini. Mimi nilidhani changu kinahusu kusubiri. Tutaona.

Nianze na redio kwa sababu ndiyo iliyonifundisha kwa maumivu zaidi.

Skripti yangu ya kwanza ya redio nilianza hivi: "Baiskeli imening'inia ukutani, imefunikwa gunia, vumbi limejaa." Nikaipeleka kwenye kituo kimoja, mtayarishaji akasoma mstari wa kwanza akanitazama akaniuliza, inalia vipi? Nikasema nini? Akasema baiskeli yako, inalia vipi, maana msikilizaji wangu yuko shamba anapalilia, redio imetundikwa kwenye mti, huo ukuta anauonea wapi? Akanirudishia karatasi zangu. Nilitembea kwa miguu mpaka nyumbani nimekasirika, alafu njiani nikakumbuka kengele. Sisi watoto tulikuwa tunanyemelea kibandani tunabonyeza ile kengele ya baiskeli, kriing, tunakimbia, na babu anapiga kelele kutoka ndani "Acheni, ya mwenyewe hiyo!" Nilikuwa nimeisahau kabisa. Kwenye hadithi fupi haikuwepo. Redio imenilazimisha kuikumbuka, na kuanzia siku ile kengele ikawa mhusika, maana kila inapolia msikilizaji anajua baiskeli bado ipo, na sauti ya babu ikizidi kukwaruza mwaka hadi mwaka anajua muda unapita. Sikuhitaji msimulizi aseme "baada ya miaka mitano".

Na kuna mambo mengine ya redio hamtayapata kwenye kitabu cha uhakiki. Ukiweka watu watano kwenye tukio moja msikilizaji anapotea, sauti zinafanana, kwahiyo watu wawili, watatu wakizidi sana. Jina lazima litajwe mapema ndani ya mazungumzo lakini litajwe kama watu wanavyotajana kweli, mtu hasemi "karibu ewe mke wangu Mwanaidi mwenye miaka thelathini", anasema "Mwanaidi, hayo maji vipi?" Mtu akiingia lazima umsikie akiingia, mlango, viatu, hodi. Na mtu akinyamaza kwenye redio amepotea, kwahiyo ukitaka anyamaze mpe kitu cha kufanya na mikono, apige pampu, akoroge chai.

Nchi hii ina historia kubwa ya redio na nataka muijue. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha Twende na Wakati, mchezo wa mfululizo uliotungwa makusudi kuzungumzia ukimwi na uzazi wa mpango. Mule kulikuwa na dereva wa lori anaitwa Mkwaju, mtu wa starehe, kila kituo ana mtu wake, na mkewe Tunu yuko nyumbani anavumilia mpaka anafika mahali anasema basi. Mnajua watafiti walifanya nini? Dodoma wakaiacha pembeni isirushiwe mchezo mpaka 1995, ili walinganishe watu waliosikia na ambao hawajasikia. Hadithi ikapimwa kama dawa inavyopimwa! Na wakakuta kweli waliosikiliza walikuwa wanajadiliana na wenza wao na kubadili mwenendo. Mimi ninachokiangalia pale ni mbinu: hawakumsimamisha daktari kila wiki aseme ukimwi unaua. Walimtengeneza Mkwaju, wakamwacha aingie kwenye nyumba za watu mara mbili kwa wiki miaka na miaka, akachukiwa, akazoeleka, mpaka watu wanamwongelea kama jirani. Redio ya mfululizo nguvu yake ni hiyo, kuzoeana. Filamu haina muda huo.

Nije kwenye ushairi. Najua humu kuna wenye kupenda shairi huru na wenye kupenda vina na mizani, yaani silabi za mwisho zinazofanana na hesabu ya silabi kila mstari, na ugomvi huo sio wenu wa kwanza, miaka ya sabini wakubwa zetu waligombana kweli, mshairi Kezilahabi alipotoa mashairi yasiyofuata vina na mizani mwaka 1974 kuna waliosema huo sio ushairi wa Kiswahili kabisa. Mimi nawapenda wote wawili, ila kwa mtu anayejifunza nashauri mapokeo kwanza, yaani hayo ya vina na mizani, na sababu yangu haihusiani na heshima kwa wazee, ni kwamba mizani inakukatalia. Utenzi una vipande vinne kila ubeti, mizani nane nane, vitatu vya mwanzo vinafanana kina na cha nne kinabeba kina cha utenzi mzima mpaka mwisho. Nikakaa niandike. Neno "baiskeli" likaanza kunisumbua hapohapo, ile "s" niihesabu au nisiihesabu, nne au tano? Siku mbili nahangaika, nikaamua kulitoa neno lote. Fikiria, utenzi wa baiskeli ambao baiskeli haitajwi! Na ukawa bora zaidi:

Chombo kipo ukutani,
na pumzi mpirani,
mwenyewe yu safarini,
neno hajatuletea.

Kila Idi ikipita,
fundi hushika mafuta,
mnyororo akivuta,
huku akisubiria.

Hesabuni kwa vidole kama siko sawa. Mnaona kilichotokea? Nilipoondoa baiskeli ikaingia "chombo", na chombo pwani kwetu ni jahazi pia, ikaingia "pumzi" badala ya upepo, ghafla kile kitu ukutani kinapumua. Sikukipanga, mizani ndiyo iliyonisukuma mpaka pale. Lakini utenzi nao ukanikatalia kitu, ukagoma kabisa kuipokea ile shilingi 35. Nilijaribu kila namna, "thelathini na tano" inakula mizani saba peke yake na inabaki imekaa kama risiti ya dukani. Nikaiacha nje. Utenzi ulikuwa mzuri, watu waliusifu, na mimi kila nikiusoma nahisi kuna kitu hakipo na sijui ni nini.

Hapa Tanga hatuwezi kuongelea jambo hili bila kumtaja Shaaban Robert, kazaliwa 1909 Vibambani hapo, kafariki 1962. Watu wanamjua kama mshairi, lakini angalieni mtu huyo alivyotembea: mashairi, tenzi, insha, riwaya, maisha yake mwenyewe kwa mkono wake, na wasifu wa Siti binti Saad. Huo wasifu kwangu ni somo zima. Siti ni mtoto wa Fumba, Unguja, alikuwa anauza vyungu akitembea huku anaimba kuita wateja, shule hakwenda, kusoma hajui, sauti yake ikamfikisha Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Yaani sanaa ya mdomoni ikaingia kwenye sahani ya santuri, alafu mwishoni mwa maisha yake akaja karani mmoja wa Tanga na kalamu akayaweka maisha yake kwenye karatasi. Mwanamke mmoja, vyombo vitatu, na kila kimoja kimehifadhi kitu ambacho vingine haviwezi. Santuri haikwambii alivyobeba vyungu. Kitabu hakikupi sauti.

Kuna fani moja fupi kuliko zote na iko majumbani kwenu, mama zenu wamejifunga. Kanga. Pindo, mji, na jina. Jina la kanga ni mstari mmoja, ukivuka hapo hakuna nafasi ya kuandika, na huo mstari lazima mtu aupokee kama ujumbe wake yeye. Mara nyingi nawaambia wanafunzi wangu, hadithi yako ya kurasa mia mbili ingekuwa kanga ingeandikwa jina gani? Babu Fundi nilimpa "Japo sipati tamaa sikati", ni jina la zamani, wengi mnalijua. Nikaona limekaa vizuri kabisa. Baadae nikagundua nilikuwa nimekosea, na nitawaambia kwa nini.

Katuni sitakaa nayo sana, sio kwamba haina uzito, nchi hii imelelewa na katuni, kina Chakubanga wa gazeti la Uhuru. Ila mchoraji niliyefanya naye kazi alinifundisha jambo moja tu kubwa: kuna pengo jeupe kati ya fremu na fremu, na msomaji ndiye anayefanya kazi mule. Mimi nilikuwa nimemwandikia maneno kwenye kila kiputo. Akayafuta. Fremu ya kwanza ukuta, baiskeli, na kitoto kimesimama kinaifikia pedeli. Ya pili ukuta uleule, baiskeli ileile, mtoto yuleyule sasa anaifikia kengele. Ya tatu msichana mkubwa kapita hata haitazami. Miaka kumi na moja, hamna neno hata moja.

Jukwaani pia nilijaribu na nikashindwa, kwenye tamthilia kitu kinachokaa ukutani bila kutembea kinachosha watazamaji baada ya dakika kumi, jukwaa linataka watu wanaogongana, na babu yangu hagombani na mtu.

Filamu sasa, najua hiyo ndo mnayoisubiri.

Kabla ya kamera niseme habari ya vibanda umiza. Mabenchi ya mbao, joto, televisheni moja juu, mlangoni unalipa kidogo. Filamu za nje zinaingia, lugha hatuielewi, na kuna mtu ameingiza sauti ya Kiswahili juu yake. Dar aliyevuma zaidi alikuwa Derek Mukandala, watu walimjua kwa jina la Lufufu. Wengine wanadhani walikuwa wanatafsiri tu. Ukisikiliza vizuri utamsikia msimulizi wa ngano kabisa, anakueleza huyu ni nani, anatabiri, anamwonya mhusika, anapachika methali, anakukumbusha kitu cha dakika ishirini zilizopita. Ile sauti ya paukwa pakawa ilikuwa imehamia ndani ya mkanda wa video. Ukitaka kujifunza jinsi ya kumshika mtazamaji wa Kiswahili asitoke nje, tafuta kazi zile usikilize, ni darasa la bure.

Lakini ukija kuandika skripti yako mwenyewe, ile sauti huna. Skripti ni kinachoonekana na kinachosikika, kwa wakati uliopo, basi. Ukiandika "fundi anakumbuka ahadi" dairekta atakuuliza, kamera niielekeze wapi? Ukurasa mmoja ni kama dakika moja ya filamu, kwahiyo ile hadithi fupi ya kurasa kumi na nane ambayo nusu yake fundi anawaza, niliivua mawazo yote zikabaki kurasa tano. Ndiyo maana riwaya ikigeuzwa filamu watu wanalalamika mbona wamekata. Lazima wakate. Vuta n'kuvute ya Adam Shafi ilitoka 1999, ni kitabu kinene, filamu yake aliyoiongoza Amil Shivji ikaoneshwa Toronto mwaka 2021, saa moja na nusu hivi. Soma kitabu, alafu itazame filamu, kalamu mkononi, uandike kila kilichoachwa, na ujiulize ungekuwa wewe ungeacha nini. Zoezi hilo peke yake ni muhula mzima.

Wale vijana wangu walikuwa hawana hela. Tutaoneshaje miaka kumi na moja? Mmoja akasema kalenda inachanika, wote tukasema hapana, hiyo tumeiona mara nyingi mno. Alafu yule dogo wa taa, sio mwandishi wala nini, akauliza hivi baiskeli ikikaa ukutani miaka yote hiyo alafu ikatolewa, ukuta unakuwaje? Tukanyamaza wote. Ukuta umeungua jua, umeshika moshi na vumbi, ila pale nyuma ya baiskeli rangi imebaki kama ilivyokuwa. Tukapiga picha ya mwisho hivyo: mama na mtoto wameondoka, ukuta mtupu, na umbo la baiskeli jeupe limebaki pale, magurudumu mawili na usukani. Mimi nimekaa na kisa hiki miaka mingi na sikuwahi kuuona ule ukuta. Kamera ndiyo iliyouona.

Na ni kwenye filamu hiyohiyo nilipopata jibu langu. Siku ya kupiga lile tukio la kulipa, mama anauliza deni, fundi anajibu 35. Muigizaji wetu wa fundi, mzee mmoja ambaye maisha yake yote hajawahi kuigiza, akasema ile 35 kwa haraka, kama bei ya kawaida, bila kuvuta hisia, na yule dada aliyeigiza mama akashindwa kuendelea, machozi yakamtoka, hayakuwa kwenye skripti. Tukasimamisha kamera. Nikaenda nje. Nikaelewa kwamba kisa hakikuwa cha kusubiri. Babu hakuwa anasubiri chochote. Walikubaliana 35, na maneno ya makubaliano hayaozi hata pesa ikioza, mtu kafa lakini bei yake iko hai. Ile kanga niliyompa ya tamaa sikati haikumfaa, yeye hakuwa na tamaa yoyote. Na utenzi wangu uliokataa kuibeba ile namba ulikuwa umebeba kila kitu isipokuwa hadithi yenyewe.

Nikarudi kwenye hadithi fupi niliyoiandika miaka ishirini nyuma nikaitafuta 35. Ilikuwepo. Sentensi moja, katikati ya ukurasa, nimeipita mbio kuwahi machozi ya yule mama.

Kwahiyo hamieni. Andika kwenye simu pia, msidharau hadithi za WhatsApp, mwandishi anayetuma sehemu moja kila usiku anajua kitu ambacho wengi wetu tulioanzia vitabuni hatukijui, anajua pale pa kukata ili msomaji alale na arosto. Kukata ni ufundi. Ila ukishajua kukata jiulize na mwisho utawapa nini, maana nimefuata simulizi nyingi, nimelipia, nimefika sehemu ya arobaini, nikakuta mwandishi mwenyewe hajui anaelekea wapi.

Haya, maswali mawili alafu tupumzike.

Kijana wa shati la bluu aliuliza: dada, kama nataka kuishi kwa kazi hii nianze na kipi, maana wanasema hela iko kwenye skripti za tamthilia za televisheni?

Mdogo wangu, ni kweli televisheni sasa hivi inahitaji waandishi wengi kuliko zamani, kila siku episodi, na anayejua kuandika haraka anakula. Upande wa vitabu nako kumefunguka kidogo, kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu iliyoanza kutolewa 2023, kuna tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell ambayo ilianza 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, mswada wako hata kama haujachapwa unaweza kuutuma. Lakini umeniuliza uanze na kipi, na jibu langu ni mdomo. Kabla hujaandika msimulie mtu mmoja, uso kwa uso, uangalie macho yake. Pale anapotazama simu, pamelegea. Pale anapouliza "ikawaje?" pana moto. Usimsomee, msimulie. Alafu kesho yake msimulie mtu mwingine, utashangaa umeacha nini na umeongeza nini bila kukusudia. Hiyo ni rasimu ya kwanza na haijakula bando wala karatasi.

Na dada wa pale mbele aliuliza: je ni halali kuchukua kisa cha watu wa kweli, wenyewe wanajua?

Hilo swali nililiogopa na nimefurahi limekuja. Hadithi fupi ya kwanza niliandika bila kumwomba mtu, nilikuwa mdogo, nilidhani nikibadilisha jina imetosha. Kabla ya filamu nikaona haiwezekani. Babu alikuwa ameshafariki. Nikamfuata mwanawe, ni fundi vilevile, sasa hivi anatengeneza pikipiki zaidi kuliko baiskeli. Nikakaa naye kwenye benchi nikamsimulia kisa cha baba yake mwenyewe kama nilivyokiandika, naye anasikiliza huku anafungua nati. Nikamwambia nitabadilisha majina, nitabadilisha na sura ya kibanda, yule mama nitamficha kabisa asitambulike. Akasema badilisha unavyotaka. Nilipoinuka akaniita, akaniambia, lakini ile bei usiipandishe.

Wakati ule bado sikuwa nimeelewa kwa nini kasema vile, nilidhani ni utu uzima tu. Niliandika kwenye daftari nikaendelea na shughuli zangu. Kwahiyo ndiyo, dada yangu, omba ruhusa, na mwenye kisa akikupa sharti liandike hata kama hulielewi.

Jumamosi ijayo saa nne asubuhi tuko hapahapa. Kila mtu aje na kisa kimoja cha mtaani kwake, kisizidi dakika mbili mdomoni, hamna kusoma kwenye karatasi. Tutasimuliana kwanza wawili wawili, alafu kila mtu atapewa chombo kwa kura, redio, utenzi, katuni au filamu, na atakayepata utenzi asije kuniomba kubadilisha.